Karatasi Imesema Niko Peke Yangu

Winnipeg, 19 Mei 2024

Mama yangu,

Assalamu alaykum. Hujambo, mama? Tansyo yako, hiyo presha, je, unakunywa vidonge au bado unavificha chini ya godoro? Mimi mwili mzima. Ilias anakusalimu sana, anasema pole ya msiba.

Jana kwenye simu tulilia dakika ishirini na hatukusema kitu. Ndiyo maana nimeamua kuandika barua, kama baba alivyokuwa akituandikia alipokuwa Uvira. Niandikie na wewe kwenye karatasi, mtu aipige picha kwa simu yako anitumie. Kwa barua angalau tunamaliza sentensi.

Nimekosa kumzika baba kwa sababu ya karatasi. Ningetoka nchi hii kabla ya zangu kukamilika, wasingeniruhusu kurudi. Sitaki nikukose na wewe. Nimekwenda kwa mwanasheria, nataka uje ukae na mimi. Anasema dosiye yako, faili la maombi, itakuwa na nguvu ikiwa tutaonyesha kwamba wewe ni mjane, mimi ndiye mtoto wako wa pekee, na unaishi peke yako bila mtu wa kukuangalia. Tunahitaji atestasyo, hati ya shefu wa kartiye, mkuu wa mtaa wenu, yenye mhuri, inayosema hivyo. Afike nyumbani aone mwenyewe, kisha aandike.

Najua uko edani na hutoki. Yeye ndiye atakuja kwako. Ni karatasi moja tu, mama.

Binti yako,
Nawal

*

Buyenzi, Bujumbura, 2 Juni 2024

Mutoto wangu Nawal,

Waalaykum salaam. Mi niko muzima, namshukuru Mungu, magoti tu ndiyo yananisumbua. Vidonge nakunywa. Na we unakula? Kwenye picha ile ya Idi shingo yako ilikuwa nyembamba. Mukwe wangu Ilias mwambie nimepokea pole yake, ingawa sijui sikuizi ana kazi gani hawezi kushika simu mwenyewe.

Kiswahili chako kimekuwa cha watu wa redio. Haidhuru, nakielewa.

Habari ya peke yangu iko na shida, na nitakuambia bila kuzunguka. Siku ya tisa baada ya kumuzika baba yako, nimekaa chumbani na nguo yangu nyeupe ya eda, nikasikia mutu anabisha mulango. Lisette. Muke mwenzangu, yule wa Ruziba. Ana mufuko mumoja na godoro limelowa. Ziwa limepanda likaingia nyumba yake mpaka madirishani. Akasema, Dada, na mi ni mujane wa Majid, sina pahali pa kukaa eda.

Miaka kumi na tisa sikumupa hata glasi ya maji. We unajua. Nilitaka kumufungia mulango. Lakini sheikh alikuwa bado yuko kwenye mukeka na wazee wa dua, akasema huyu nyumba yake imeharibika, akae eda hapa, hii pia ni nyumba ya mume wake. Ningesema nini mbele ya watu?

Basi tuko wawili ndani. Miezi mine na siku kumi, wajane wawili, hakuna kutoka, hakuna mafuta ya kunukia, hakuna hina. Nimetundika pazia katikati ya chumba. Mwanzo hatukusemeshana. Anapika ndagala na chumvi nyingi, mi nakula hivyo hivyo. Anaimba kwa sauti ndogo nyimbo za kanisa za utoto wake, kisha anakumbuka amesilimu, anabadilisha anasoma sura. Inanikasirisha sana. Ni yeye anapiga hizi picha za barua, juu mi macho yangu hayaoni kile kidude cha kubonyeza. Maneno yetu hasomi, amenyoosha simu na uso kaugeuza pembeni.

Sasa niambie, shefu akija atamuandika wapi huyu?

Mama yako

*

Winnipeg, 20 Juni 2024

Mama,

Salaam alaykum. Natumaini magoti yamepoa. Mimi sijambo.

Nimesoma barua yako mara tatu na bado siamini. Mwanamke huyo huyo? Mama, mimi nilikuwa na miaka kumi baba alipoanza kwenda Ruziba. Nilikuwa nikikuona Alhamisi jioni, siku yake ya Ruziba, unapakua sahani ya baba kwa mazoea, halafu unaifunika, halafu Ijumaa asubuhi unawapa kuku. Mimi ndiye nilikuwa napeleka ile sahani kwa kuku. Usiniambie habari za sheikh.

Ana ndugu Carama, yule Annick binti wa kaka yake. Aende huko. Mwanasheria anasema dosiye inafungwa mwisho wa Agosti. Shefu akiandika kwamba unaishi na mtu mzima anayekupikia na kukuangalia, wataniuliza wewe unanihitaji mimi kwa nini, na sitakuwa na jibu.

Sikuombi umdhulumu. Nakuomba ukumbuke nani alikudhulumu. Ilias anakusalimu.

Binti yako,
Nawal

*

Buyenzi, 14 Julai 2024

Mutoto wangu,

Salaam nyingi. Usifikiri nilinuna. Nilikuwa natafuta jinsi ya kuandika.

Wiki iliyopita mama yake Ilias alishuka kutoka Kiriri kunipa pole, na gari na dereva na sanduku la tende. Alikaa kitini akazungumuza habari ya mafuta ya gari kukosekana. Akaniambia Ilias ameoa tena, muke mupya ni wa Lubumbashi, wako Toronto tangu mwaka jana. Aliniambia akifikiri najua. Mi nikasema ndiyo, najua. Nikamumiminia chai. Sikumwaga hata tone, nilijivunia.

Nawal, huyo Ilias anayenisalimu kila barua ni nani?

Sikukasirika. Nimelia tu. Na aliyenikuta nalia ni Lisette. Alikaa upande wake wa pazia, akaanza kulia na yeye bila kujua tunalilia nini. Baadaye nilimuambia. Akasema, Dada, huyo mutoto anakaa na nani huko? Nikasema hakuna. Akasema, mi najua hiyo.

Hapo ndiyo tumezungumuza kwanza. Nilikuwa nafikiri yeye ndiye aliyekuwa na baba yako. Kumbe siku baba yako alipokuwa kwangu, yeye alikuwa peke yake Ruziba, anasikiliza maji. Siku alipokuwa kwake, mi nilikuwa peke yangu hapa na sahani yangu. Miaka kumi na tisa tumepokezana, na kila mumoja alifikiri mwenzake ameshiba. Hakuzaa, unajua. Mi angalau nilikuwa na we wa kupeleka sahani kwa kuku.

Pazia nimelitoa, lilikuwa linazuia hewa. Ananipimia tansyo kwa kile kimashine cha baba yako, ananikalisha kama mutoto mpaka nimeze kidonge. Tumekubaliana siku ya kutoka eda, Jumapili tarehe nane Septemba, tutaoga pamoja na kuvaa nguo za rangi pamoja. Ameagiza na sabuni ya mukaratusi, moja, ya kugawana.

Siwezi kumufukuza. Usiniombe tena. Lakini niandikie ukweli wako.

Mama yako

*

Winnipeg, 16 Julai 2024

Mama,

Salaam. Sijalala vizuri ila niko hai.

Ndiyo. Ameondoka mwaka jana mwezi wa kumi. Alitaka niwe mke wa kwanza mwenye subira, kama wewe. Nilimjibu kwamba nimeshaona ile sahani. Nilimwambia achague, akachagua. Sikukuambia kwa sababu baba alikuwa mgonjwa, halafu kwa sababu baba amekufa, halafu uongo ukawa mazoea.

Nikueleze neno lao la huku, alone, lile lililo kwenye fomu. Ni neno fupi la kusema mtu yuko peke yake, na wanalituma kazi nyingi mno. Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, kuna babu ana watoto watano, na faili lake limeandikwa hilo neno. Benki waliniandikia hilo hilo Ilias alipoondoka. Jirani yangu akigombana na mumewe nasikia kupitia ukutani analipigia kelele, na hapo maana yake ni toka, usiniguse. Msichana mmoja kazini alilisema kwa furaha, kapata chumba chake, na alileta keki. Nami nimelijaza kila mahali, mama, kazini, benki, kwa daktari, na kila mara nikiliandika naona kama naandika jina langu.

Daktari alitaka jina la mtu wa kupigiwa simu nikipatwa na jambo. Nimekaa na kalamu. Mwishowe nimeandika namba ya duka ninakonunua mchele.

Sikuhitaji uje kwa ajili yako. Nilikudanganya hata hapo. Nakuhitaji kwa ajili yangu. Nikitoka kazini nawasha redio ili kuwe na mtu anaongea. Mwaka mwingine wa hivi siuwezi, nakuambia bila aibu.

Simtaki afukuzwe. Shefu akija, asiwepo. Saa moja tu. Lisette akae nyuma, aende kwa Annick, popote. Kisha arudi. Baada ya eda utakuja kwangu na nyumba nzima itabaki kwake. Atakosa nini?

Nakuomba, mama.

Nawal wako

*

Buyenzi, 11 Agosti 2024

Nawal mutoto wangu,

Salaam. Karatasi hiyo hapo, pamoja na barua. Shefu Jovithe mwenyewe, Kiswahili cha kuandika hasomi, ndiye amezipiga picha ofisini kwake akakutumia, juu sina tena mutu wa kunipigia.

Nilimuelezea Lisette kila kitu, sikumuficha. Alisema sawa, mutoto ni mutoto. Nilimuambia aende Carama saa moja, akasema yuko edani kama mi, hawezi kuzunguka na teksi, atakaa jikoni nyuma na kunyamaza. Vitu vyake tuliviweka ndani ya gunia, tukacheka hata. Alisema, Dada, unanificha kama bibi wa siri, na miaka yote nilikuwa bibi wa wazi.

Shefu akaja. Mutu mwema, alivua viatu. Akaangalia chumba, kitanda kimoja, kikombe kimoja. Akauliza, mama, hamuna mutu mwingine hapa? Nikasema hakuna. Tayari alikuwa anaandika. Akiinuka akaona pale mulangoni wa uani sandali za Lisette, zile za buluu zenye ua. Tulisahau sandali. Akauliza, na hizi?

Mulango wa jiko ulikuwa wazi, na mi nilijua uko wazi. Nikasema, ni za mutu wa kufua.

Alitia muhuri akaondoka. Nilikwenda jikoni. Lisette alikuwa amekaa kwenye kibao na gunia lake mapajani. Hakulia. Alisema, Dada, karatasi imesema uko peke yako, mi sitaki kuifanya iseme uongo. Nikamushika mukono. Akautoa polepole, kama mutu anatoa kisu mukononi mwa mutoto. Akavaa zile sandali akatoka na nguo yake nyeupe, barabarani, mchana, mujane wa miezi mitatu, kila mutu avenue ya kumi na saba anamuona.

Nilifika mpaka mulangoni. Zaidi siwezi, mi niko edani. Ningelikuwa huru ningelimufuata kwa miguu yangu hii mibovu mpaka Carama. Ninampigia, hashiki. Natuma watu kwa Annick, wanarudi na ‘amesikia’.

Mi nilisema neno moja mbele ya shefu kwa ajili yako, na kwa ajili yako ningelirudia, ndiyo ubaya wake. Nyumba sasa iko kimya kama karatasi inavyotaka.

Mama yako

*

Winnipeg, 15 Agosti 2024

Mama yangu kipenzi,

Salaam alaykum! Dosiye imepokelewa leo, kamili, na mwanasheria alitabasamu kwa mara ya kwanza. Nimekununulia koti. La rangi ya kahawa, mikono mirefu, utacheka.

Lisette atapoa. Mtu akikasirika anakwenda kwa ndugu, anakula siku mbili, anarudi. Ukitoka edani mpelekee kitambaa kizuri. Vumilia hizo siku chache, umezoea kuvumilia makubwa kuliko haya.

Chumba chako kina dirisha upande wa jua. Redio nimeizima leo.

Nawal

*

Winnipeg, 7 Septemba 2024

Mama,

Salaam. Jumatano uliniambia kwenye simu kwamba hujambo ila kichwa kizito, na kwamba unaniandikia barua ila huna wa kuipiga picha. Sauti yako ilikuwa ndogo. Ijumaa nimepiga, inaita tu. Leo haiiti.

Nimempigia Uthmani wa duka la mkate. Anasema amepita mbele ya mlango, umefungwa kwa ndani, na mama yuko edani, hatoki, si ajabu asionekane. Anasema nisiwe na hofu, kesho unaoga eda, watakuona watu wote.

Natumaini ni umeme tu umekatika na simu haina moto. Nakuandikia hivyo hivyo, ili ukiiwasha uikute.

Nawal

*

Buyenzi, 11 Septemba 2024

Nawal mutoto wa Majid,

Salaam na pole. Mi ni Lisette, ule wa Ruziba. Kiswahili changu cha kuandika ni kidogo, nimejifunza kwa baba yako, utanisamehe. Uthmani alikupigia na unajua yaliyotokea. Mi nakuandikia yale hakuweza kukuambia, juu hakuwepo mpaka mwisho.

Jumapili nilitoka Carama asubuhi na ile sabuni. Tulikuwa tumepatana kuoga pamoja na mi sikutaka kuoga na mutu mwingine. Hasira ilikuwa bado iko. Nilisema nitaoga, nitakaa, ataniomba msamaha mbele ya wanawake, kisha nitamuambia nimemusamehe tangu siku ya tatu. Nilikuwa nimeshapanga maneno.

Nilibisha. Nikaita Dada. Uthmani akavunja kitasa. Dada alikuwa uani karibu na robine, ameanguka kwa upande, na maji yanatoka polepole. Daktari alisema ni tansyo, na ni tangu Ijumaa. Vidonge vilikuwa mezani, vyote, pakiti haijafunguliwa. Mi ndiye nilikuwa namukalisha ameze.

Alikuwa hai. Alinijua. Upande mumoja wa mudomo haukuwa unasema vizuri, lakini alisema, umekuja. Nikasema ndiyo Dada. Akasema, na sandali? Nikamuonyesha miguu yangu. Alifunga macho. Nilimushika mpaka ospitali, nilimushika na huko. Amekufa Jumatatu, alasiri, kichwa chake kiko hapa kwangu. Ninataka ujue hiyo. Siku mbili alikuwa peke yake na hakuna mutu anaweza kuziondoa, si we, si mi. Lakini mwisho hakuwa.

Wanawake wa avenue walikuja kuosha. Wakauliza nani ndugu yake. Nikasema, mi ni muke mwenzake, wakanipisha nikae upande wa kichwa. Ile sabuni ya mukaratusi, tuliyoagiza ya kugawana, ndiyo nilimuoshea.

Mezani kulikuwa na karatasi. Nimeikopi kama ilivyo, haijamalizika:

*Nawal mutoto wangu, salaam. Kidogo nitakuwa nimetoka eda. Usinikasirikie. Teksi yangu ya kwanza ni ya Carama, nimurudishe Lisette. Ya pili ni kwa shefu, nimuambie zile sandali ni za nani. We nitakuja kukuona, Mungu akipenda, lakini siji kwa karatasi ile, juu*

Hapo imekoma.

Ufunguo uko kwangu. Nyumba ni ya kwako. Ukisema niondoke nitaondoka, sina hasira, maji yameanza kurudi nyuma huko Ruziba. Nitakaa mpaka wamalize kuja watu wa pole, juu mutu akija na kukuta mulango umefungwa si vizuri.

Unakula?

Lisette Adija

*

Winnipeg, 13 Septemba 2024

Kwako Mama Mdogo,

Assalamu alaykum. Hujambo? Na miguu, na mgongo, baada ya kazi yote hiyo ya msiba? Mimi sijambo, nakula kidogo.

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanza na kosa langu. Zile sandali nilizikana mimi. Mama alisema tu neno nililomtia mdomoni. Ulikuwa unamkalisha ameze vidonge, na mimi nikakuhesabu kama mtu wa kumtoa ndani ya nyumba kwa saa moja. Sikuombi unisamehe kwa barua.

Leo mwanasheria amenipigia. Ameuliza kama kuna mtu mwingine Bujumbura, ndugu yeyote, au afunge dosiye na kuandika kwamba sina mtu. Nilimwambia afunge dosiye, ila hilo la pili asiliandike. Halafu nilikwenda kwa daktari, nikafuta namba ya duka la mchele, nikaandika yako. Karani aliuliza huyu ni nani wako, nikamwambia.

Usirudi Ruziba. Koti la kahawa nitalituma. Usiondoke kwenye nyumba hiyo, Mama Mdogo, na usifunge mlango kwa ndani. Barua hii jibu, hata mistari miwili, hata kama una hasira.

Binti yako,
Nawal